UZI: Hadithi za kale zilizonishika mkono nilipojiona sifai

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na wasio wa imani hii karibuni pia. Uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kusoma.

Kuna kipindi nilijiona sifai. Nilikuwa nafundisha darasa la vijana kanisani, miaka kadhaa sasa. Siku moja baada ya kipindi, mtu ninayemheshimu sana akanivuta pembeni akaniambia kwamba vijana hawajengwi, na kwamba nafundisha mambo ambayo mwenyewe sijayafikia. Hakunitukana. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza, maana nilikosa hata pa kukasirikia. Juma lililofuata nikasimama mbele ya wale vijana, nikafungua Biblia, nikaona vidole vinatetemeka juu ya ukurasa. Nilisoma mstari mmoja mara mbili bila kujua kwamba nimeurudia. Binti mmoja wa mstari wa mbele akainamisha macho kwa kunionea huruma. Baada ya hapo nikaomba kupumzika.

Watu walinifariji. Simu ilijaa ujumbe: wewe ni mshindi, wewe ni kichwa wala si mkia, inuka uangaze. Nawashukuru hadi leo, walinipenda. Lakini kila neno lilikuwa linaingia na kuzama. Nikawa najiuliza, kama hata Neno la Mungu halinishiki, basi yule mtu alisema kweli.

Katika kupanga vitu vya marehemu mama nikakikuta kitabu chake cha *Safari ya Msafiri*, kile cha John Bunyan. Jalada halipo. Mgongo umeshikwa na plasta ya dukani, ile ya kufungia vidonda, imegeuka rangi ya chai. Alikuwa akitusomea tukiwa wadogo, na mimi nilikumbuka simba na jitu tu. Nikakaa chini, mgongo ukiegemea sanduku, nikaanza kusoma bila nia yoyote.

(Majina nitayaweka kwa Kiswahili chepesi, tuelewane.)

Kurasa chache tu za mwanzo, Mkristo, ndilo jina la msafiri mwenyewe anayeuendea Mji wa Mbinguni, anatumbukia kwenye Kinamasi cha Kukata Tamaa, na mzigo wake mgongoni. Mwenzake Kigeugeu katumbukia naye, lakini huyo anatapatapa hadi anatokea upande wa nyumbani, anakwenda zake. Mkristo anabaki peke yake akijisukuma kuelekea upande wa pili, ule ulio mbali na nyumbani kwake, na hawezi kutoka. Ndipo anakuja mtu aitwaye Msaada. Msaada anamuuliza kwa nini hakuyatafuta mawe ya kukanyagia, kisha anampa mkono na kumvuta.

Halafu Msaada anaeleza habari za pale mahali, na hapo ndipo nilipokiweka kitabu magotini. Anasema Mfalme hapendi pabaki hivyo. Wafanyakazi wake wamepatengeneza kwa zaidi ya miaka 1,600. Kinamasi kimemeza angalau mikokoteni 20,000, naam, mamilioni ya mafundisho mema yaliyoletwa kutoka pande zote za ufalme, na bado ni kinamasi kile kile.

Mafundisho mema, wapendwa! Yamemwagwa humo kwa mikokoteni na yakazama. Miezi miwili nzima nilidhani kuzama kwa maneno ni dalili kwamba mimi nimepotea. Kumbe kuna mtu alishapaona mahali pale, akapaandika, akapapa jina, na akasema ndivyo palivyo. Mafundisho hayana kosa na aliyezama hajakataliwa. Mawe yapo katikati ya tope, ila hayaonekani hali ya hewa ikichafuka, na mtu mwenye kizunguzungu anakanyaga pembeni yake. Anachohitaji saa hiyo ni mkono.

Bunyan hakubuni tope hilo akiwa amestarehe. Alikuwa fundi wa kuziba sufuria na vyombo vya bati, wa Bedford huko Uingereza, na alifungwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila ruhusa. Alikaa gerezani miaka 12, wakati nyumbani ana mke na watoto, mmoja wao binti kipofu. Mwaka 1666, akiwa bado kifungoni, alitoa kitabu cha ushuhuda wake mwenyewe, na humo amejaza mashaka yake bila kuyapamba: miezi na miezi ya kuamini kwamba neema ni ya wengine. *Safari ya Msafiri* ilitoka mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684.

Sehemu hiyo ya pili watu wengi hawaisomi, na mimi naona ndiyo iliyoniokoa. Humo kuna mzee anaitwa Bwana Hofu.

Bwana Hofu hatembei mwenyewe kwenye hadithi, tunasimuliwa habari zake na Moyo-Mkuu, yule mlinzi anayewasindikiza wasafiri. Anasema Bwana Hofu alilala kwenye ukingo wa kinamasi akilia zaidi ya mwezi mzima. Aliwaona wengine wakivuka mbele yake, na wengi walimpa mkono, hakuthubutu. Lakini kurudi nyumbani hakutaka pia. Alikuwa akisema atakufa asipoufikia Mji wa Mbinguni, na huku kila unyasi njiani unamwangusha. Siku moja jua likawaka, akavuka, Moyo-Mkuu anasema hajui alivukaje, na yeye mwenyewe alipokwisha kuvuka hakuamini. Moyo-Mkuu anasema alikuwa na kinamasi ndani ya akili yake, anakibeba kila aendako.

Akafika mlangoni. Anasimama anatetemeka, mlango unafunguliwa, anarudi nyuma na kuwapisha wengine, akisema hastahili. Akafika nyumba ya Mfasiri, akalala nje kwenye baridi usiku kucha, na usiku mwingine. Na kifuani, ndani ya nguo, alikuwa na barua ya kumtambulisha kwa mwenye nyumba, imeandikwa kwamba apokewe na apewe faraja. Barua anayo, na bado anaogopa kugonga.

Pembeni ya mistari hiyo mama alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo: *huyu ni mimi*.

Mama yangu! Mwanamke aliyeongoza maombi ya akina mama kwa miaka, ambaye watu walikuwa wakimwamsha usiku aende kuwaombea wagonjwa. Sijawahi kumwona akitetereka. Nilikaa na hiyo penseli muda mrefu sana. Nikaelewa kwamba huenda alitusomea kitabu kile kwa ajili yake kama alivyotusomea kwa ajili yetu.

Nami nikaendelea kusoma habari za Bwana Hofu nikijua sasa namsoma nani. Kilima cha Ugumu alikipanda bila shida. Simba hawakumtisha. Moyo-Mkuu anaeleza kwamba taabu yake haikuwa mambo ya namna hiyo, hofu yake ilikuwa moja tu: kama mwisho wa yote atakubaliwa. Katika Bonde la Unyenyekevu alikuwa na raha kuliko mahali pengine popote, akilala chini na kuikumbatia ardhi na kuyabusu maua. Walipofika Bonde la Uvuli wa Mauti, Moyo-Mkuu alidhani atampoteza, lakini anasema hajapata kuliona bonde lile limetulia kama siku ile, wala kabla wala baada. Na walipofika mtoni, ule mto usio na daraja unaowatisha mashujaa, maji yalikuwa yamepungua kuliko Moyo-Mkuu alivyowahi kuyaona maishani mwake. Bwana Hofu akavuka karibu miguu mikavu.

Msimuliaji haelezi nani aliyapunguza yale maji.

Hakuna mahali Bwana Hofu anaponywa hofu yake akawa jasiri. Anafika akiwa vile vile. Mungu ndiye anayelituliza bonde na kushusha mto kwa kipimo cha mtu huyo. Hilo ndilo lililonifariji, kwa sababu faraja zote nilizokuwa nimepewa zilinidai kwanza niwe mtu mwingine.

Karibuni, mwenye hadithi yake aiweke.

#2

Nimeishia hapo kwenye penseli, nikasimama kidogo. Naendelea kufuatilia.

#3

Mpendwa, ushuhuda ni mzuri, lakini niulize kwa nia njema. Biblia haitoshi? Tunapowapeleka watu kwenye hadithi za wanadamu, hatuwazoezi kutegemea kitu kingine?

#4 Mleta uzi

Mtumishi, swali lako ni la haki na hata mimi nilijiuliza.

Nakujibu kwa yaliyonipata. Nilikuwa nasoma Biblia kila siku kipindi kile, ila nilikuwa naisoma kama mshtakiwa anayetafuta kifungu kilichomhukumu. Hadithi ilinivuta nikamtazama mtu mwingine, nikamhurumia, na katikati ya kumhurumia nikagundua ni mimi. Nabii Nathani alilijua hilo alipokwenda kwa Daudi. Hakuanza na amri. Alianza na maskini na mwanakondoo wake mmoja aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, na Daudi akakasirika kwa haki kabla hajajua kesi ni yake. Kwa Daudi mlango ule ulifunguliwa ili atubu. Naamini unaweza kufunguliwa pia ili mtu apate nguvu.

Na nilipotoka kwenye kile kitabu nilirudi kwenye Biblia na macho mengine. Nikamwona Gideoni amejificha shinikizoni anapepeta ngano asionekane na Wamidiani, na malaika anamwamkia, "Bwana yu pamoja nawe, Ee shujaa." Nikamwona Eliya chini ya mretemu akiomba afe, na Mungu hamhubirii. Anamlaza, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamlaza tena, anampa tena. Mahubiri yalingoja mpaka mtu ameshakula na kulala. Nimesoma sura hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kwamba alilazwa mara mbili.

#5

Mimi langu ni *Robinson Crusoe*, kitabu cha mwaka 1719. Wengi tulikisoma shuleni kama hadithi ya mtu wa kisiwani na nyayo mchangani, basi. Nilikirudia nikiwa mtu mzima, katika kipindi ambacho kazi imekwisha na kila ninachogusa kinakataa.

Crusoe anaugua homa peke yake kisiwani, mwaka wake wa kwanza. Anatetemeka, anaota ndoto za kutisha, hana wa kumpa maji. Anakwenda kwenye kasha kutafuta tumbaku ajitibu, na ndani ya lile kasha anakuta tumbaku na Biblia. Kichwa kinazunguka, hawezi kusoma kwa utaratibu. Anaifungua tu, na maneno ya kwanza anayokutana nayo ni ya Zaburi ya 50, mstari wa 15: "Ukaniite siku ya mateso, Nitakuokoa." Usiku ule anapiga magoti, mara ya kwanza maishani mwake.

Mwanzoni anadhani kuokolewa ni kutolewa kisiwani, naye anauliza kama Waisraeli jangwani, je, Mungu anaweza? Siku zinavyokwenda, neno lile lile linabadilika maana mkononi mwake. Anaanza kuomba aokolewe na maisha aliyoyaishi. Kisiwani alikaa miaka 28, kwa hiyo jibu la kwanza alilolitaka lilichelewa sana. Lakini aliomba akiwa na homa, na tumbaku mkononi, bila kujua hata sala moja vizuri. Mimi nilikuwa nimeacha kuomba kwa sababu nilijiona sina maneno safi. Nilianza tena usiku huo.

#6

Nami niongeze. Tolstoy ana hadithi fupi ya mwaka 1885, *Palipo na Upendo Mungu Yupo*. Fundi viatu, Martin, amefiwa na mke na watoto, wa mwisho kijana wake aliyeanza kumsaidia kazi. Anamnung'unikia Mungu na kuomba naye afe. Anaishi chumba cha chini ya ardhi chenye dirisha moja, na kupitia dirisha hilo anaona miguu tu ya wapita njia. Lakini anawatambua watu kwa viatu vyao, kwa sababu karibu kila kiatu cha mtaa ule kimepita mkononi mwake: hiki alikitia soli, hiki alikishona ubavu.

Nimestaafu kwa ugonjwa. Siku nyingi ninachoweza ni kukaa dirishani. Nilijiona mzigo. Martin anaahidiwa kwa sauti usiku kwamba kesho Bwana atapita, na kutwa nzima anachungulia kwa lile dirisha la chini. Wanaopita ni mzee anayefagia theluji, mama mwenye mtoto mchanga na nguo za kiangazi wakati wa baridi, na bibi muuza matofaa aliyemkamata mtoto mwizi. Anawapa chai, chakula, koti, anawapatanisha. Jioni anaambiwa alikuwa Yeye. Hakuhitajika kupanda juu barabarani ili Bwana apite mbele yake. Sasa nikikaa dirishani ninaangalia ni nani anapita.

#7

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Mimi niko ndani ya hilo tope sasa hivi. Naimba kwaya, na juzi nimewaambia natoka. Nikisimama kuimba nasikia kama namdanganya Mungu, maana moyoni hakuna kitu. Usiku ni mbaya zaidi. Yananijia mawazo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sijui kwa nini nimeandika hata haya.

#8 Mleta uzi

Umeandika kwa sababu bado unatafuta upande wa pili wa tope. Asante kwa kutuamini. Nimekutumia ujumbe faraghani, nijibu hata kwa neno moja, saa yoyote.

Acha nikusimulie kuhusu Ngome ya Mashaka, na nisome taratibu.

Mkristo na mwenzake Tumaini wanaiacha njia kwa sababu ina mawe na miguu imewauma. Pembeni kuna uwanda laini. Usiku unawakuta, mvua, radi, wanalala, na asubuhi Jitu Kukata-Tamaa linawakamata. Linawatupa shimoni lenye giza tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila tonge, bila tone la maji, bila mwanga.

Jitu lina mke, anaitwa Diffidence. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kukosa kuamini. Leo Waingereza wanalitumia kwa kutojiamini. Na mipango yote ni yake. Kila usiku wakilala anamwambia mumewe la kufanya kesho: wapige, kisha waambie wajiue, kisha waonyeshe mifupa ya waliotangulia. Jitu linachukua ushauri wa chumbani na kuushusha shimoni kama kweli ya mwisho. Basi yale mawazo ya usiku, mpendwa, angalia yanatoka kwa nani. Katika hadithi ile, ushauri wa kujiua ni wa mtesaji. Mkristo, shujaa wa kitabu kizima, aliyeshindana na Apolioni, anakaribia kuukubali. Anasema kaburi ni afadhali kuliko shimo lile. Anayemzuia ni Tumaini aliye pembeni yake, anayemwambia tungoje kidogo zaidi, na anamkumbusha kwamba jitu lile hupatwa na kifafa siku za jua, mikono yake ikaishiwa nguvu.

Mkristo hakuwa peke yake shimoni, na ndiyo maana alitoka hai. Kwa hiyo nakusihi, leo hii, kabla ya usiku, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kwa mwili yale usiyoweza kuyaandika hapa. Mchungaji, ndugu, daktari, yeyote anayeweza kukaa chumba kimoja nawe. Hayo mawazo yana matibabu na yana watu wanaoyajua, na kumwendea daktari hakupunguzi imani hata kidogo.

Jumamosi usiku wakaanza kuomba, wakaomba hadi karibu na mapambazuko. Ndipo Mkristo anaruka: mimi ni mpumbavu, nimelala kwenye shimo linalonuka wakati nina ufunguo kifuani uitwao Ahadi! Alikuwa nao siku zote nne. Kufuli la shimo likafunguka kirahisi, la mlango wa uani likafunguka, na la lango la chuma likawa gumu mno, lakini lilifunguka. Mwandishi hakuficha kwamba lile la mwisho liligoma.

Kuhusu kuimba bila kitu moyoni: katika ile sehemu ya pili kuna binti aliyetolewa katika ngome hiyo hiyo, Mwingi-wa-Hofu, binti wa Bwana Huzuni. Siku yake ya kuvuka mto alivuka akiimba, na hakuna aliyeelewa alichokuwa akiimba. Imeandikwa hivyo tu. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu naye alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," sentensi yenye shaka ndani yake, na mtoto akapona siku hiyo hiyo.

#9

Naomba niongeze moja kwa #7. Nilimuuguza baba yangu miezi yake ya mwisho. Aliogopa sana, na aliona haya kuogopa, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Nilimsomea pale mtoni, Mkristo anapozama na kulia kwamba mawimbi yanapita juu yake, na Tumaini anamwambia jipe moyo, ndugu yangu, nasikia chini kwa miguu yangu, ni pazuri. Baba alikuwa ananiomba nirudie hapo. Jioni nyingine hakutaka kingine chochote, ananyoosha kidole tu kwenye kitabu.

Ukiwa huwezi kusikia chini kwa miguu yako, sisi wengine tunasikia. Tuamini kwa sasa.

#7

Nimeongea na dada yangu. Amekuja, atalala hapa wiki hii. Kesho ananisindikiza kwa daktari.

Amekikuta kitabu kwenye simu, ananisomea kwa sauti. Tumefika pale Bwana Hofu amelala nje ya nyumba ya Mfasiri, kwenye baridi, na barua yake kifuani. Nimemwambia aache hapo kwa leo.

#10 Mleta uzi

Mkianza tena kesho, anzeni hapo hapo. Mwenye nyumba anamtuma Moyo-Mkuu atoke nje kumsihi aingie.